Mti Namba Arobaini na Moja

Bweni la wanawake, chumba cha kumi na sita
Jumapili, alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu ya bega, na kwamba umekubali kuacha kupanda ngazi walau mpaka maumivu yaishe. Lakini ninavyokujua, wakati huu uko juu ya ngazi na brashi mdomoni, na Mama yuko chini ameishika huku anakusema. Mpe shikamoo zangu. Mwambie sweta limefika na limenikaa vizuri, mikono tu ndiyo mirefu, nimeikunja. Na mdogo wangu mwambie aache kunitumia salamu za nusu mstari. Kama kuna kitu anataka niibe huku nimletee, akitaje. Mimi kimwili sijambo. Nakula, naenda darasani, sina homa. Hilo neno kimwili nimeliandika makusudi, na najua utalisoma mara mbili.

Uliniuliza kama yule mwanafunzi aliyefariki hapa chuoni, ambaye habari zake zimefika hadi huko, nilikuwa namjua. Nilikujibu kwa simu kwamba chuo ni kikubwa. Baba, lile halikuwa jibu. Nilimjua. Au niseme vizuri: niliujua mkono wake, kama wewe unavyoujua mkono wa fundi aliyeandika bango ambaye hujawahi kukutana naye. Nimekaa na jambo lake majuma matatu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, ungenihurumia, na mambo yangeishia hapo. Sitaki yaishie hapo.

Niruhusu nianzie mbali kidogo ili unielewe.

Nyuma ya maktaba yetu kuna bustani ya zamani ya idara ya mimea. Kila mti una kibati chenye namba kilichopigiliwa kwenye shina, na miaka mingi hakuna aliyekuwa akiingia ila mtunza bustani na wapenzi waliokosa pa kukaa. Mwanzoni mwa muhula huu mshauri wa wanafunzi aliiomba bustani ile. Ni mama mmoja mnene, mpole, ambaye funguo zake unazisikia kabla hujamwona. Alituambia kuwa foleni mlangoni kwake imekuwa ndefu kuliko ya bwalo, na kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiamini kwamba mtu akikaa mbele ya mti mmoja kwa saa mbili na penseli mkononi, hata pumzi yake inabadilika. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila Alhamisi saa tisa, anayetaka anakuja, anachagua mti, na huo huo ndio atakaouchora muhula mzima. Karatasi haiandikwi jina. Inaandikwa namba ya mti na tarehe, basi. Mwisho unairudisha kwenye stoo ya vifaa, na Alhamisi inayofuata unapewa jalada lako lenye michoro yako yote ili uendelee.

Wengine walitucheka sana. Wanafunzi wa uhandisi walituita chama cha kusalimia miti. Ninayelala naye chumba kimoja alikuwa akiniuliza kila Alhamisi wagonjwa wangu wanaendeleaje, kuna aliyeanza kuota mizizi? Lakini watu walikuja. Tulianza kumi na wanane tukafika ishirini na saba. Mmoja wa sheria alimaliza Alhamisi nzima akichora ufa mmoja wa gamba, akaniambia ni mara ya kwanza tangu mitihani kusahau kuwa ana moyo unaodunda. Nakueleza haya usije ukadhani naidharau bustani. Kwa wengi ilisaidia.

Mimi nilichukuliwa kuwa msaidizi kwa sababu nasoma sanaa mwaka wa tatu. Nilichonga penseli, niligawa karatasi, nilisimama mlangoni mwa stoo kupokea michoro na kuipanga kwa namba. Mshauri alinipa masharti mawili. La kwanza, hatusahihishi. Alisema hapa si darasani, hakuna mchoro mzuri wala mbaya, na mtu asitoke bustanini akiwa na alama nyingine ya kuhangaikia. La pili, mchoro wowote utakaobadilika ghafla nimpelekee siku hiyo hiyo, hata kama nadhani ni jambo dogo. Nikaitikia yote mawili. Moyoni nililiona la pili lina maana, na la kwanza ni la mtu asiyejua sanaa.

Unanijua, Baba. Nilikuwa na miaka saba niliposimama ng'ambo ya barabara nikakupigia kelele kwamba herufi ya tatu kwenye bango la duka la dawa imeinama. Ukashuka, ukavuka, ukasimama kando yangu ukaangalia, kisha ukarudi ukapanda ukainyoosha. Siku ile ndipo uliponiita Jicho, na jina likakwama. Nimekua nalo. Nimekuwa mtu wa kuona kilichopinda, na nikadhani hiyo ndiyo kazi yote ya macho.

Binti huyo aliyefariki alichagua mti namba arobaini na moja, kule mwisho kwenye ukuta, ambao wengine wote waliuruka. Si mti wa kupendeza. Shina lake limegawanyika mara mbili na upande mmoja ulikatwa kwa msumeno zamani. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa umejaa kama kabati la bibi: mti, ukuta, bomba, mpira wa maji, ndoo, mabuti ya mtunza bustani yaliyoanikwa kichwa chini, na benchi, na kwenye benchi mtu mdogo amekaa na mkoba mapajani. Lakini ule mstari, Baba! Ulikuwa unatembea. Nilisimama nao mlangoni mwa stoo nikasikia wivu na furaha vikinipanda kwa pamoja.

Mchoro wa tatu mpira wa maji na ndoo havikuwepo. Wa tano, ukuta ukaondoka. Wa sita, yule mtu kwenye benchi akaondoka, na wa saba benchi lenyewe. Wa tisa ulikuwa na nusu ya mti. Wa kumi na moja, ambao ndio wa mwisho, ulikuwa tawi moja tu pembeni na karatasi nyeupe iliyobaki. Niliipanga kitandani kwangu mmoja baada ya mwingine na nikaona msanii anazaliwa. Nilimpelekea mwalimu wangu wa uchoraji. Akavaa miwani, akaipitia mmoja mmoja, akasema huyu tayari anajua kile tunachohangaika kuwafundisha nyinyi miaka mitatu. Nilifurahi kana kwamba nimesifiwa mimi. Kuelekea mwisho wa muhula kulikuwa na maonyesho kwenye ukumbi mrefu wa maktaba. Yake niliipa ukuta wa peke yake, yote kumi na mmoja kwa mstari, na watu walisimama pale.

Nisikufiche kwamba kuna mtu aliyeniambia. Mtunza bustani ni mtu wa maneno mengi. Kila siku alikuwa akilalamika kwamba wasomi wangu wanakanyaga miche yake kama ng'ombe waliokata kamba. Karibu na juma la nane alinishika pembeni akasema yule wenu wa kule ukutani zamani alikuwa anakuja hata Jumanne, anafungua mpira wa maji mwenyewe anaumwagilia ule mti, hadi yeye akamtania kwamba atamfukuzisha kazi. Sasa anakuja Alhamisi tu, hakai, anasimama, na ukimsalimia ni kama umeusalimia ukuta. Akaniambia mwangalieni. Nikamjibu, tena nikicheka, kwamba wasanii kazi ikiwakolea ndivyo wanavyokuwa. Akanitazama, akaokota jembe lake, akaenda zake. Sikumpelekea mshauri habari ile. Wala michoro.

Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi wenzake walimkuta chumbani kwake, kwenye bweni la pili kutoka hili letu. Alikuwa ameamua kutokuendelea kuishi. Hapo sitaongeza neno, kwa sababu siyajui mengi na machache ninayoyajua si ya kuandikwa.

Bustani ilifungwa. Tulikusanywa tukaambiwa na wakubwa maneno ya kuambiwa. Jumanne mshauri aliibandua michoro ukutani kwa mikono yake mwenyewe, pini moja moja, akanipa niipange vizuri kwenye jalada, kwa sababu mama wa marehemu alikuwa anakuja kesho yake na mshauri alitaka kumkabidhi.

Mama huyo ni fundi cherehani. Alikuja peke yake na mkoba mkubwa wa nguo, akaketi ofisini kwa mshauri ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekiazima. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Hakulia. Alifungua jalada akaanza kuangalia michoro jinsi mafundi wa nguo wanavyoangalia kitambaa, kwanza kwa nyuma, ndipo mbele. Alipofika kwenye wa tano akasimama. Akapitisha kidole gumba nyuma ya karatasi, akarudia. Akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, karibu kabisa na mimi, akauliza kama hapa palikuwa na maandishi yakafutwa.

Mshauri alivaa miwani akasema inawezekana. Mimi nikasema huenda alikuwa anajaribu penseli. Mama akatikisa kichwa. Alisema haya ni maneno, na kwamba miaka zaidi ya thelathini amekuwa akizitafuta kwa kidole alama za chaki zilizofutika kwenye nguo, na kidole chake hakijamdanganya. Kisha akatueleza, kwa utaratibu tu, kwamba mtoto wake tangu mdogo hakuwa msemaji. Akiwa na jambo alikuwa akimwandikia kwenye kikaratasi, halafu anaona haya anafuta, na kikaratasi kilichofutwa anakiacha chini ya cherehani ili mama akipate. Mama anacho kimoja mpaka leo, cha wakati wa darasa la nne. Kwa hiyo alijua. Mtoto wake alimwandikia, akafuta, akaacha. Baba, niliona uso wake. Tangu aingie ulikuwa umekazwa kama ngumi, na pale ukafunguka. Akaibusu ile karatasi kwa nyuma. Alipoondoka alilishika jalada kwa mikono miwili kama linalomwagika.

Tangu siku hiyo amempigia mshauri simu mara mbili. Anauliza kama chuo kikubwa kama hiki hakina chombo cha kusomea maandishi yaliyofutwa. Anasema hana haraka.

Yale maneno niliyaandika mimi.

Kila Alhamisi, nikishapokea michoro, nilikuwa naandika nyuma ya karatasi yake kwa penseli, herufi ndogo. Ya wengine sikuigusa, yake tu. Juma la pili niliandika: mkono wako uko hai, toa kisichosaidia. Utakuwa umeyatambua maneno hayo. Ndiyo unayowaambia wanaojifunza kwako wanapojaza bango namba za simu na maua. Sikuandikii ili nikurudishie, na nakuomba usiyachukue. Wewe uliyasema ukiwa umesimama kando ya mtu, unamwona amechoka au amekasirika, ukajua lini unyamaze. Mimi nilimwandikia mtu nyuma ya karatasi.

Naye akanitii. Hakuwahi kujibu, wala kunitazama, lakini karatasi iliyofuata haikuwa na mpira wa maji wala ndoo. Nilijiona tunazungumza. Juma la nne nikaandika kwamba ukuta unabana, ajaribu bila ukuta. Juma la tano nikaandika hivi, na nitakunakilia neno kwa neno: Mtu aliye kwenye benchi anavuta jicho bure. Mchoro huu hauhitaji mtu. Mwondoe. Nilikandamiza penseli kwa sababu nilikuwa na hakika. Juma la sita yule mtu wa kwenye benchi hakuwepo tena, na nyuma ya karatasi nikaandika: safi, sasa umeelewa, endelea.

Halafu ile Jumanne, nilipopewa michoro niipange, nilijifungia stoo nikatoa raba laini nikafuta yote, karatasi baada ya karatasi, nikapuliza vumbi lake. Nilijiambia nailinda bustani isije ikafungwa moja kwa moja na wengine wakakosa pa kwenda. Nilikuwa najilinda mimi. Yale ya juma la tano raba haikuyafuta hadi ndani ya karatasi. Alama zilibaki, na mama yake akazipata.

Juzi Ijumaa nilimweleza mshauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, funguo zake kimya mezani. Akasema niliyojua atayasema, kwamba mtu hauawi na sentensi. Binti huyo alikuja chuoni na maradhi ya sonona yaliyomwanza miaka mingi kabla ya bustani, alikuwa ameacha kwenda kwenye miadi yake, na kwamba mimi sina nguvu kubwa kiasi ninachodhani. Namwamini, kwa sehemu kubwa. Lakini baadaye, bila kupandisha sauti, aliniambia pia kwamba lile sharti la kwanza aliliweka kwa ajili ya watu kama mimi, wanaoona karatasi. Na kwamba kama ningempelekea mchoro wa sita siku ile, angeacha kila kitu akaenda kugonga mlango wa yule mtoto. Hakusema kwamba mlango ungefunguliwa, ila alisema angegonga. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa stoo.

Alitaka kumpigia simu yule mama yeye mwenyewe. Nilimwomba aniache niandike. Jana asubuhi nimeituma barua hiyo, na nimeituma kabla ya hii makusudi, kwa sababu ningekuambia wewe kwanza ungenitafutia sababu ya kusubiri, na ningeipenda hiyo sababu. Nimemwandikia kwamba yale hayakuwa maneno ya mwanawe. Nimemnakilia yote na tarehe zake, na nani aliyafuta, na lini. Kitu pekee alichoondoka nacho hapa, kwa barua hiyo nimemnyang'anya. Sijui kama nimefanya haki au nimejitua mzigo nikampa yeye. Mshauri nilipomuuliza alisema tu kwamba mama asingeacha kutafuta. Huenda ataichana. Huenda atakuja. Akija atanikuta.

Usiniandikie kwamba sikujua. Hayo nimeshaambiwa na watu wema. Wala usihofu juu yangu kwa lile unaloliogopa sasa hivi unaposoma. Tangu msiba nimepewa nafasi kwa mshauri kila Jumatano saa nne, ndani ya ile foleni, na nimekwenda, na nitakwenda. Ninayelala naye anajua. Ameacha utani wa mizizi, siku hizi ananisubiri tu nje ya mlango, na tunarudi pamoja.

Bustani imefunguliwa tena juma hili. Leo asubuhi nimekwenda. Mtunza bustani alinifungulia lango, akarudi kwenye miche yake. Nilikaa mbele ya namba arobaini na moja na karatasi, nikataka kuuchora upya ule mchoro wake wa kwanza na vitu vyake vyote. Ukuta ulikuja. Bomba, mpira wa maji, ndoo, hata mabuti yaliyoanikwa. Benchi likaja. Nilipofika kwa mtu, penseli ikasimama. Baba, sijui alikuwa anakaaje. Sijui kama alikuwa anainama au anaegemea, kama nywele zake zilikuwa ndefu, kama alivaa miwani. Alhamisi kumi na moja alisimama mbele yangu mlangoni mwa stoo akaninyooshea mkono, na kila mara nilitazama karatasi. Mti ule naujua tawi kwa tawi, na upande uliokatwa naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Ulikuwa umeniomba kazi yangu moja ya kutundika karakana. Nimekufungia humu hiyo ya leo. Nafasi nyeupe kwenye benchi si ustadi, usimwambie mtu kwamba ni ustadi. Nimeiacha hivyo kwa sababu sina cha kuweka. Usiitie fremu.

Msalimie Mama, na usimsomee barua hii mpaka ukae naye mahali ambapo hana kitu cha kushika mkononi. Mdogo wangu mwambie nampenda, na siku yoyote akitaka kuniandikia aandike mstari mzima, hata kama ni wa kulalamika. Bega lako lipumzishe. Na ukinijibu, nakuomba lile jina la ng'ambo ya barabara usiliandike juu ya bahasha. Niite mwanangu tu.

Ni mimi,
mwanao mkubwa